Bahari inadaiwaje mahakamani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Kilwa Masoko, baba yangu ni mvuvi. Nilisikia kwamba sarafu za Kilwa ziliwahi kuokotwa Australia, nikaanza kusoma habari za wenyeji wa pwani ile. Kilichonishangaza ni kwamba walikwenda mahakamani kudai bahari, na wakashinda. Baba anasema shamba lina mwenyewe lakini bahari ni ya Mungu, kila mwenye chombo anavua. Hao Waaborijini ni watu gani, na bahari inadaiwaje? Na je, mtu kama baba angefika kule angeruhusiwa kuvua?"

Marahaba mwanangu, na mzee umsalimie sana. Nitaanza na sarafu kwa kuwa ndizo zilizokuvuta, ingawa kwa uzito ndizo za mwisho.

Mwaka 1944, vita vikuu vikiendelea, mwanajeshi wa anga wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa zamu kwenye kituo cha rada katika Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi ile. Siku moja, katika ufuo wa Kisiwa cha Marchinbar, akaokota sarafu tisa mchangani. Akazitia koponi, akazisahau. Mwaka 1979 ndipo alipozikumbuka na kuzipeleka zikaguliwe. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa, kutoka hapo hapo mnapoishi.

Habari hiyo ilipovuma, wako waliorukia kusema kwamba mababu zetu waliigundua Australia kabla ya Wazungu. Mimi sijasadiki. Sarafu za Kilwa zililala pamoja na za Kiholanzi zilizopigwa karne kadhaa baadaye, na hilo linanielekeza kwa mfuko wa baharia mmoja aliyepita mikono mingi kuliko kwa jahazi la Kilwa lililopotea njia. Na hata lingefika, lingewakuta watu ufuoni. Waaborijini wako katika bara lile tangu zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Neno "kugundua" halina kazi pale.

Yako mambo mengine yanayotuunganisha na pwani ile ambayo hayahitaji kubahatisha. Kwa muda usiopungua karne moja na nusu, mabaharia kutoka Makassar, katika kisiwa cha Sulawesi huko Indonesia ya leo, walikwenda kila mwaka kaskazini mwa Australia kutafuta jongoo bahari. Ndiyo, jongoo huyu huyu ambaye wavuvi wa Kilwa na Mafia humzamia na kumuuza kwa matajiri wapelekao Uchina. Walimchemsha ufuoni, wakamkausha kwa moshi, wakamrudisha Makassar, na soko lake lilikuwa hilo hilo la Wachina. Walikwenda Desemba na upepo wa kaskazini-magharibi, wakarejea kama Aprili upepo ulipogeuka kuwa wa kusini-mashariki. Mzee ataielewa habari hiyo bila kufafanuliwa: ndiyo miezi ile ile ya kaskazi na kusi zilizoleta na kurudisha majahazi ya Arabuni kwetu. Upande wa pili wa bahari hii hii, watu walikuwa wakihesabu mwaka kwa mapigo yale yale.

Mabaharia hao waliacha mikwaju. Ukipita leo pwani ya Arnhem Land, eneo la wenyeji kaskazini mwa Australia, ukiona mkwaju mkubwa karibu na ufuo, ujue palikuwa na kambi ya Wamakassar. Walibeba ukwaju kwa mapishi, kokwa zikaota. Na waliacha maneno. Wenyeji wa pale huita fedha *rrupiya*. Bendera huiita *bandirra*. Sisi tulipata "rupia" kutoka kwa Wahindi na "bendera" kutoka kwa Wareno, nao wakayapata maneno hayo hayo kupitia Makassar. Mzungu yeyote, hata awe Mwingereza, kwao ni *balanda*, yaani Mholanzi, kwa sababu Wamakassar waliowapa neno hilo walikuwa wakitawaliwa na Waholanzi. Nimewahi kucheka peke yangu maktabani niliposoma hilo.

Biashara hiyo ilikufa kwa kodi na leseni. Serikali ya Australia Kusini, iliyokuwa ikisimamia eneo lile, ilianza kuwatoza ushuru mabaharia hao katika miaka ya 1880, mwishowe ikaacha kuwapa leseni, na chombo cha mwisho kikaondoka mwaka 1907. Mkataba wa muda mrefu baina ya watu wawili wa bahari ukakatwa na mtu wa tatu ambaye hakuulizwa na yeyote. Lishike hilo.

Sasa, ni watu gani? Kwanza, "Waaborijini" si kabila moja, kama vile "Waafrika" si kabila moja. Waingereza walipoanza kulikalia bara lile mwaka 1788, lugha za wenyeji zilikuwa zaidi ya 250. Wako wa jangwani ambao hawajawahi kuiona bahari, na wako wa pwani wanaojiita wenyewe watu wa maji chumvi. Mimi nitakueleza kundi moja tu, nisije nikakupa uji wa mchanganyiko: Wayolng'u wa kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land. Wenyewe huiandika sauti ile kwa herufi ya n yenye mkia, lakini sisi tunayo tayari, ni ng' ya ng'ombe. Neno lenyewe maana yake ni mtu, kama lilivyo neno "Wabantu".

Na jambo moja la adabu. Kwao mtu akifariki, jina lake halitajwi kwa muda, hata maneno yanayofanana nalo hukwepwa. Ndiyo maana utaona picha na vipindi vya Australia vikianza na onyo kwamba ndani yake wamo marehemu. Kwa hiyo katika jibu hili utawakuta wazee wengi wasio na majina, na si kwamba hawakuwa watu wakubwa.

Kwa Wayolng'u, mahali panapomhusu mtu huitwa *wang'a*. Wang'a ni nyumbani, ni kambi, ni nchi. Na wang'a haikomi mawimbi yanapoanzia. Inaendelea chini ya maji: mwamba una jina, mkondo una jina, mlango wa mto una jina, mahali ambapo maji matamu ya mto hukutana na maji chumvi pana jina na nyimbo zake. Bahari ambayo ramani zetu zinaiita Arafura, wao wana majina mawili ya mikondo yake, Manbuyng'a na Rulyapa. Na kila jina lina ukoo unaolishika.

Kila kitu duniani kimegawanywa pande mbili, Dhuwa na Yirritja. Mtu huzaliwa upande wa baba yake na lazima aoe au aolewe upande wa pili, kwa hiyo mama yako daima ni wa upande usio wako. Mgawanyo huu hauwahusu watu peke yao. Papa fulani ni Dhuwa, mamba wa maji chumvi ni Yirritja, nyota ya alfajiri ni Dhuwa. Hata maji: ghuba moja inaweza kuwa na maji ya Dhuwa yanayopishana na maji ya Yirritja, na mzee anayeijua atakuonyesha kwa kidole yanapokutana. Na kila nchi ina watu wa namna mbili wanaoitazama: wenyewe kwa upande wa baba, na watoto wa mabinti wa ukoo ule, ambao ni wasimamizi. Wenyewe hawafanyi ibada kubwa bila wasimamizi kuridhia. Ukitafakari utaona ujanja wake: hakuna ukoo unaoweza kuamua peke yake juu ya bahari yake, maana daima kuna mpwa anayeangalia.

Hapa lazima nikupe kisa, maana kwao hati ya kumiliki ni kisa. Katika ghuba iitwayo Blue Mud Bay kuna mahali paitwapo Yathikpa. Zamani za kuumbwa kwa nchi, Baru, mamba wa kale, alishikwa na moto. Ukamchoma mgongo akakimbilia baharini, na moto ule ukaingia naye chini ya maji, ukabaki mwambani. Magamba ya mamba hata leo ni alama za kuungua. Baadaye wawindaji wawili wakatoka Yathikpa kwa mtumbwi kumfuata nguva. Nguva akakimbilia kwenye mwamba ule wenye moto. Wakarusha chusa, chusa kikagusa patakatifu, maji yakachemka, mtumbwi ukapinduka. Kamba, makasia, chusa na mtumbwi vikachukuliwa na maji, kila kimoja kikaangukia pwani ya ukoo mwingine. Kwa sababu hiyo koo zile zina undugu: zinashirikiana nyimbo, kila moja ikiimba kipande kilichofika kwake. Na maji ya kina kirefu huko nje, Mung'urru, ni ya koo zote za Yirritja za maji chumvi kwa pamoja.

Hebu kitazame kisa hicho kama mwanasheria. Kinasema nani yuko wapi. Kinasema mpaka upo wapi, na wapi mpaka unaisha na ushirika unaanza. Kinaonya mahali pasipovuliwa. Na kimehifadhiwa kwa namna ambayo mtu mmoja hawezi kukighushi, kwa sababu ukoo wa jirani una kipande chake na utakusahihisha.

Isitoshe, nguva bado wapo kule. Maji ya kaskazini mwa Australia yana nguva wengi kuliko mahali popote duniani, na wenyeji wanaruhusiwa kisheria kumwinda kwa mila zao. Pwani yetu, baina ya Rufiji, Mafia na Kilwa, wamebaki wa kuhesabu. Muulize mzee mara ya mwisho kumwona nguva ilikuwa lini. Nadhani jibu lake litakuwa refu kuliko langu.

Usidhani ni nyimbo na ibada tu. Bahari kwao ni jikoni kwanza. Maji yakipwa, wanawake na watoto hutoka na fimbo na ndoo kuchokoa kaa wa mikokoni, chaza na kombe. Chakula ninachopenda kukisimulia ni taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Taa hachomwi tu akaliwa. Humfunua tumbo kwanza wakatazama ini: likiwa limenona, jeupe kuelekea waridi, ni wa kuliwa, likiwa jekundu na gumu, hawamtaki. Nyama huchemshwa, ikakamuliwa maji kwa mikono mpaka ibaki nyuzi nyuzi kavu, kisha ini hupondwa likachanganywa na nyama ile na kufinyangwa matonge. Mafuta ya ini ndiyo huipa utamu. Mpishi wa Kilwa anayejua kumkamua papa kabla ya kumuunga na nazi hatahitaji kuelekezwa mara mbili.

Na majira ya taa kunona hayasomwi kwenye kalenda. Husomwa kwenye miti: maua fulani yakichanua bara, watu wanajua baharini kuna nini. Ndiyo sababu kwao kutenga "mazingira ya nchi kavu" na "mazingira ya bahari", kama wafanyavyo maofisa, ni sawa na kumkata mtu kiunoni kisha kumuuliza anajisikiaje.

Sasa tuje mahakamani. Mwaka 1963 serikali ya Australia ilitoa zaidi ya kilomita za mraba 300 za ardhi ya Wayolng'u, karibu na misheni ya Yirrkala, kwa ajili ya kuchimba boksiti, udongo wa kutengenezea alumini. Wenyewe hawakuulizwa. Wazee wakaandika malalamiko kwa Bunge, kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakayapiga chapa kwenye karatasi. Ila karatasi hawakuiamini sana. Wakaibandika juu ya magome ya mti, na kuizungushia michoro ya koo zao: gome moja la Dhuwa, moja la Yirritja. Walikuwa wanaliambia Bunge: haya maneno ya katikati ni sheria yako, na haya ya pembeni ni sheria yetu, na sheria yetu ndiyo inayoizunguka yako. Magome hayo yako hadi leo katika jengo la Bunge mjini Canberra.

Machimbo yakaendelea. Wakafungua kesi. Mwaka 1971 Jaji Blackburn akakiri kwamba watu hawa wana mfumo kamili wa sheria, wenye mpangilio mzuri, kisha akasema sheria ya Australia haiutambui kama umiliki wa ardhi. Nimeisoma hukumu ile zaidi ya mara moja na kila mara inanikasirisha kwa namna ya pekee, kwa kuwa jaji aliwaelewa. Angekuwa mjinga ingekuwa rahisi kusamehe. Lakini kelele za kesi ile zilizaa tume, na tume ikazaa Sheria ya Haki za Ardhi ya mwaka 1976, iliyowarudishia Waaborijini wa Eneo la Kaskazini, yaani Northern Territory, ardhi yao kwa milki kamili. Tangu hapo, kuingia katika ardhi ile bila kibali ni kosa. Familia nyingi zilikuwa zimeanza kuihama misheni na kurudi kwenye vijiji vya koo zao kando ya bahari.

Bahari ilibaki nje. Wavuvi wa biashara wenye leseni za serikali waliendelea kuingia ghubani na mitego yao. Mwaka 1996, mahali paitwapo Garrangali, ambapo ndipo kiota cha Baru mwenyewe, kiongozi mmoja wa ukoo aliikuta kambi ya wavuvi walioingia kinyume cha sheria. Palikuwa na takataka, na ndani ya gunia palikuwa na kichwa cha mamba kilichokatwa.

Fikiria umeingia msikitini ukakuta kitu cha namna hiyo kwenye kibla. Sijui kama mfano wangu unatosha.

Watu wengine wangechukua mapanga. Hawa walichukua brashi. Chini ya uongozi wa Djambawa Marawili na wazee wenzake, wasanii 47 walichora michoro 80 juu ya magome, kila mmoja akichora bahari ya ukoo wake tu, yaani sehemu aliyo na haki ya kuichora. Michoro hiyo ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Bahari la Taifa mjini Sydney, nami niliiona mwaka 2018 ilipowekwa hadharani. Nilisogea hadi mlinzi akaanza kunitazama. Kwa mbali unaona maumbo ya almasi yakishikana kama wavu. Kwa karibu unaona kwamba kila almasi imejazwa mistari myembamba kama uzi, myeupe, ya njano, myekundu na myeusi, iliyovutwa kwa brashi ya nywele chache za binadamu na rangi za udongo. Ukitembea mbele ya gome, mistari hiyo inacheza. Ndivyo inavyotakiwa: mng'ao ule ndio nguvu ya maji yenyewe. Na hakuna mstari uliowekwa kwa kupendezesha. Umbo la almasi la ukoo mmoja si la ukoo mwingine, na atakayechora lisilo lake ni mwizi wa ardhi.

Kisha wakaenda mahakamani, na hapa ndipo swali lako linapata jibu la kisheria, ambalo ni zuri kwa wepesi wake. Waliposhindana kwa njia ya "haki za asili baharini", kesi nyingine ilikuwa imeshaziba njia: mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Kisiwa cha Croker, ilikubali kwamba wenyeji wana haki baharini, lakini si haki ya kuwazuia wengine. Wayolng'u wakashika ncha nyingine. Waliuliza: ardhi mliyotupa kwa sheria ya 1976 inaishia wapi? Hati zilisema inaishia pale maji yanapofika yakipwa kabisa.

Wewe ni mtoto wa mvuvi, umeshaona kinachofuata. Pwani zile ni tambarare. Wakati wa bamvua maji hurudi nyuma mbali sana, yakaacha uwanja wa matope na mikoko, kisha yakajaa tena. Uwanja ule wote, yakipwa, ni ardhi yao kwa hati. Je, maji yakija juu yake kwa saa sita, ardhi inakoma kuwa yao? Serikali ikasema ndiyo, maji ni ya umma. Wao wakasema mtu akiingia kwa mashua juu ya ardhi yetu ameingia kwetu, kama vile mafuriko yakijaa uani kwako hayampi jirani haki ya kupiga makasia mpaka mlangoni. Tarehe 30 Julai 2008 majaji watano kati ya saba wa Mahakama Kuu wakasema wenyeji wana haki: leseni ya uvuvi ya serikali haimpi mtu ruhusa ya kuingia katika maji yaliyo juu ya ardhi ile. Hukumu hiyo iligusa kama asilimia 80 ya pwani yote ya Eneo la Kaskazini.

Kwa hiyo bahari ilidaiwa kwa njia ya matope. Ni ushindi, tena mkubwa, ila tuseme ukweli: mahakama haikuitambua Mung'urru. Ilikubali sehemu inayoonekana maji yakitoka. Kule kwenye kina, mwambani pa moto na nguva, haki yao bado ni ile dhaifu isiyoweza kumzuia mwingine. Sheria ya balanda iliwafuata Wayolng'u hadi miguu ilipoanza kulowa kupita magoti, ikasimama.

Na hata ushindi huo haukugeuka fedha wala amani kwa siku moja. Mazungumzo baina ya serikali na baraza la ardhi la wenyeji juu ya vibali yameendelea kwa miaka, na wavuvi wa starehe wamekuwa wakiruhusiwa kwa mipango ya muda inayoongezwa na kuongezwa. Kilichoendelea vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kazi ya walinzi wa nchi. Shirika la Wayolng'u liitwalo Dhimurru, lililoanzishwa mwaka 1992, lina walinzi wake wanaozunguka fukwe, kutoa vibali, kuwaelekeza wageni na kuokoa kasa walionaswa kwenye nyavu zilizotupwa. Nyavu hizo huelea kutoka meli za mbali na kusukumwa hadi ufuoni mwao, zimejaa kasa wanaokufa taratibu. Wamezuia wavuvi kuingia kwa mlango. Nyavu zao zinaingia kwa dirisha.

Nimwambie nini mzee anayesema bahari ni ya Mungu? Nitamwambia anasema kweli, na hao Wayolng'u hawatambishia. Kwao pia bahari haikuumbwa na mtu. Wanachosema ni kwamba mwenye kuiumba alimkabidhi kila mmoja sehemu yake, kwa jina. Na nitamkumbusha kwamba hata kwetu msemo wake una mipaka. Wavuvi wakienda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, kijiji cha ugenini, wanapita kwanza kwa wenyeji kujitambulisha. Mwenye uzio ana mahali pake, na atakayechomeka miti pale atagombana naye. Tangu kilimo cha mwani kiingie Paje na Jambiani mwaka 1989, kila mwanamke analijua shamba lake kwa vijiti vyake, pale pale panapofunikwa na maji na kuachwa. Hakuna hati, lakini mwenzake hafungi kamba zake humo. Eneo lile lile la maji kujaa na kupwa ambalo majaji wa Australia waliligombania, mama wa Jambiani amekwisha kulihukumu.

Tofauti iliyopo ni kwamba kwetu desturi hizo zimeachwa zijitetee zenyewe mbele ya mwekezaji wa hoteli au kiwanda cha gesi. Wao waliziimba, wakazichora, kisha wakazipeleka kwa jaji.

Baba yako angeruhusiwa kuvua? Angehitaji kibali cha wenyeji. Lakini akikaa zaidi ya siku chache, litamkuta jambo asilolitarajia. Kwa Wayolng'u hakuna anayeweza kuishi pale bila kuwa ndugu wa mtu, maana bila undugu hawajui wamwiteje wala wasemeje naye. Kwa hiyo mtu mmoja atamchukua awe mwanawe au nduguye, na papo hapo atakuwa ama Dhuwa ama Yirritja, na ataambiwa maji yapi ni ya mama yake. Watamwonyesha pia mwanamke ambaye ni mkwe wake, asiyepaswa kumtazama usoni wala kumsemesha, hata wakiwa kwenye mashua moja. Mzee wa Kilwa kwa adabu ya mkwe hatapata shida. Shida itakuwa kwenye mashua yenyewe, ikiwa ndogo.